Kanumba na Filamu za Kujitegemea katika Ukanda wa Dhahabu

Historia ya filamu nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya Dar es Salaam peke yake, kwa kuwa huko ndiko yaliko makampuni ya watayarishaji, maduka ya jumla ya Kariakoo na vituo vikubwa vya televisheni, ilhali mikoa ya bara hutajwa tu pale inapotoa mandhari ya kupigia picha au kisa cha kusikitisha. Mazoea hayo huficha mambo mawili ambayo ni vigumu kuyatenganisha. Kwanza, mtengenezaji wa filamu aliyepata umaarufu kuliko wenzake wote katika kizazi cha filamu za video, Steven Charles Kanumba, alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984 na kuanza masomo yake huko huko. Pili, biashara iliyomlea haikujengwa na serikali wala wafadhili, bali na watu waliotoa viingilio vidogo vidogo katika mabanda ya kuonyeshea video, na miongoni mwao walikuwamo wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita, ambao namna yao ya kupata fedha iliwafanya wawe wateja wa aina ambayo mkulima wa pamba hakuweza kuwa.

Filamu ya kujitegemea, kwa maana iliyoenea duniani kutokana na mfano wa Marekani, ni filamu inayotengenezwa nje ya studio kubwa, yaani nje ya makampuni yanayoshika kwa pamoja mitaji, waigizaji na njia za kuifikisha kazi kwa watazamaji. Mmoja wa waasisi wa kazi hiyo ni Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Metropolis, Illinois, tarehe 2 Januari 1884, yaani miaka 100 na siku chache kabla ya Kanumba. Micheaux alilima shamba huko South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza nyumba kwa nyumba, kisha mwaka 1919 akatoa filamu yake ya kwanza, The Homesteader, kwa fedha za hisa alizowauzia watu wa kawaida, wakulima wakiwamo. Katika miaka iliyofuata alitengeneza filamu zipatazo 40, nyingi akisafiri nazo mwenyewe kutoka jumba moja la sinema hadi jingine, akiwashawishi wenye majumba walipe sehemu ya fedha kabla ya kuonyesha, na mwaka 1928 alifilisika, akaanza upya. Milango ya Hollywood ilikuwa imefungwa kwa mtu wa rangi yake, hivyo alijitegemea kwa sababu hakuwa na wa kumtegemea. Kwa kipimo hicho, na si kwa kipimo cha wasanii walioikataa studio kwa hiari yao, ndipo filamu za video za Tanzania zinapoeleweka.

Kabla ya zama za video, sinema katika Tanganyika ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya mamlaka. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York, ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na hata faida ya kuweka akiba katika benki ya posta, zikazungushwa kwa lori katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Kati. Shinyanga nayo iliingia katika sinema ya wakati huo kwa njia ya pembeni. Mji huo ulikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, ambaye tangu miaka ya 1920 alishirikiana na machifu wa Kisukuma kufyeka vichaka kwa nguvu za umma ili kumfukuza mdudu anayeeneza malale, na suala hilo la malale na kuhamishwa kwa wanavijiji ndilo lililofanywa kiini cha Men of Two Worlds, filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Thorold Dickinson na kutolewa mwaka 1946. Katika filamu hiyo mwanamuziki wa Kiafrika aliyerudi kutoka London anasimama upande wa mkuu wa wilaya dhidi ya mganga wa kijiji. Mtazamaji wa Usukuma, ambaye wazee wake walifyeka vichaka hivyo wakiongozwa na machifu wao wenyewe, angekuwa na haki ya kushangaa kwamba hekima yote iliwekwa upande mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, magari ya sinema ya serikali, yaliyobeba mashine ya kuonyeshea picha, jenereta na kitambaa cheupe, yaliendelea kupita vijijini na kwenye minada yakiwa na filamu za mafunzo. Ndipo zilipotokea filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, iliyomshirikisha Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi wa maendeleo ya jamii na baadaye Waziri Mkuu. Uhuru ulibadilisha ujumbe, lakini mpangilio wa kazi ulibaki karibu vilevile, kwani Tanzania Film Company, shirika la umma lililoundwa mwaka 1968, lilikabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu pamoja na utengenezaji, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka kibali mbele ya kila onyesho. Shirika hilo lilitoa kazi chache ambazo bado zina thamani, mojawapo ikiwa Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, Mmarekani aliyejitegemea kupitia kampuni yake ya Gris-Gris Films. Mulvihill huyo ndiye aliyeongoza baadaye, pamoja na Martin Mhando, Maangamizi: The Ancient One, filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2001. Filamu hizo mbili zinamtazama mganga wa jadi na maarifa ya wahenga kwa heshima ambayo Men of Two Worlds haikuwa nayo, lakini zilisafiri zaidi katika matamasha ya kimataifa kuliko katika wilaya za Tanzania.

Kilichobadilisha mambo katika ukanda wa dhahabu ni deki, mashine ya kuchezea kanda za video, ambayo ilikutana na uchumi wa machimbo. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa na kampuni za wakoloni katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na kwa miongo mitatu iliyofuata dhahabu ya eneo hilo ilichimbwa zaidi na wananchi kwa sururu, mitarimbo na ndoo. Wachimbaji walijaa Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa na, upande wa Kahama, Bulyanhulu, ambako Agosti 1996 waliondolewa kwa amri ya serikali ili kumpisha mwekezaji wa kigeni, nao wengi wakahamia machimbo mengine. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ukanda ulikuwa tayari na sura mbili zilizo hai hadi leo, yaani migodi yenye uzio na walinzi, na kando yake miji isiyopangwa kama Katoro na Kakola, iliyokua kwa haraka kuliko mamlaka zilivyoweza kuipimia viwanja.

Katika machimbo madogo, shimo la kuchimbia huitwa duara, na mwenye duara huwalisha wachimbaji wake hadi mawe yenye dhahabu yapatikane, kisha mawe hugawanywa, hupelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga, na unga wake huoshwa kwenye mwalo na kunaswa kwa zebaki. Mnunuzi hulipa siku ileile. Mkulima wa pamba wa Maswa au Shinyanga Vijijini alipata fedha zake mara moja kwa mwaka, tena kwa kuchelewa, na alikuwa na mahari, ada na madeni yaliyozisubiri, lakini mchimbaji ambaye duara lake limetema alikuwa na noti mfukoni jioni, mbali na nyumbani, bila familia wala shamba la kumshughulisha usiku. Biashara ya burudani ilimfuata mtu huyo. Kibanda umiza, yaani banda la mabati, mbao au maturubai lenye mabenchi, televisheni, deki na jenereta, kilikuwa miongoni mwa biashara zilizofuata wachimbaji kambini pamoja na mgahawa, gesti na kilabu cha pombe, na ratiba yake iliandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni.

Mwanzoni mabanda hayo yalionyesha filamu za mapigano za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani, na kwa kuwa wengi wa watazamaji hawakujua lugha zake, yalizuka maonyesho ya kutafsiriwa, ambamo msimuliaji alizungumza juu ya sauti ya filamu, akieleza kisa, akiwatania waigizaji na kuongeza utani wake mwenyewe. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Lufufu, ambaye kanda zenye sauti yake ziliuzwa nchi nzima. Mapema miaka ya 2000 zikaja filamu za Nigeria, na hizi ndizo zilizowafunza Watanzania somo la kibiashara, kwa kuwa zilionyesha kwamba kamera ndogo ya video, nyumba ya kuazima na waigizaji wachache vinatosha kutengeneza kitu ambacho watu watalipia. Mwenye banda hakujali filamu imetoka wapi. Alitaka benchi lijae.

Kanumba alikua katika miaka hiyohiyo. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi mjini Shinyanga, kisha akaanza sekondari Mwadui, penye mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mji wa Mwadui ulikuwa ulimwengu wa peke yake, wenye shule, hospitali, uwanja wa ndege na nyumba za wafanyakazi ndani ya uzio, na kijana aliyeuona huo pamoja na mitaa ya Shinyanga alipata mapema picha ya watu wawili wanaoishi karibu huku maisha yao yakiwa mbali, picha ambayo baadaye iligeuka kuwa mhimili wa filamu nyingi alizocheza, ingawa aliihamishia mjini. Kutoka Mwadui alihamia Dar es Salaam, akasoma Dar es Salaam Christian Seminary na kumalizia Jitegemee. Sanaa yake ya kwanza ilikuwa ya kanisani na shuleni, kama ilivyokuwa kwa waigizaji wengi wa rika lake.

Njia ya kuingia katika kazi hiyo wakati huo ilipita kwenye vikundi vya maigizo ya televisheni. ITV, iliyoanza matangazo mwaka 1994 wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni nyingine ya maana, ilirusha tamthilia za vikundi kama Kaole Sanaa Group, na Kanumba alipojiunga na Kaole mapema miaka ya 2000 alionekana katika michezo kama Jahazi na Dira. Televisheni iliwapa wasanii sura inayotambulika, lakini haikuwapa kipato, kwa hiyo pale filamu ya Girlfriend ya George Otieno Tyson ilipotoka mwaka 2003 na kuuzika, waigizaji wa Kaole waliona wazi kwamba jina lililojengwa bure kwenye runinga linaweza kuuzwa kwenye kanda. Kanumba, Vincent Kigosi anayejulikana kama Ray, na Blandina Chagula aliyepewa jina la Johari kutokana na filamu ya jina hilo, wakawa nguzo za mkondo mpya. Mwaka 2006 Kanumba alicheza katika Dar to Lagos, iliyotayarishwa na kampuni ya Game 1st Quality ya Mtitu Game kwa ushirikiano na Wanigeria, na ushirika huo uliendelea hadi Devil Kingdom ya mwaka 2011, ambamo alicheza pamoja na nyota wa Nigeria, Ramsey Nouah. Kati ya hizo zilikuja Oprah ya mwaka 2008, Uncle JJ, This Is It na nyingine nyingi, huku yeye mwenyewe akiwa amehama kutoka uigizaji hadi uandishi, uongozaji na umiliki wa kampuni yake, Kanumba The Great Film.

Uhuru uliomo katika orodha hiyo unahitaji kupimwa kwa makini. Filamu ilipigwa kwa siku chache, mara nyingi katika nyumba na magari ya kuazima, na iliuzwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili kwa kisa kimoja, jambo lililoathiri hata uandishi, kwani waandishi walilazimika kurefusha mazungumzo na kuweka kikwazo kikubwa katikati ya kisa. Hakuna afisa wa serikali aliyechagua hadithi, zaidi ya kibali cha Bodi ya Filamu, na hakuna mfadhili aliyedai ujumbe fulani. Lakini aliyekuwa na mashine za kunakili, mtaji wa kuchapa makasha na magari ya kuyafikisha mikoani ni msambazaji wa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi Steps Entertainment ndiyo iliyotawala nafasi hiyo. Kwa kawaida mtayarishaji alimuuzia msambazaji filamu yake kwa mkupuo, akipokea malipo mara moja na kuachia haki za mauzo, ili apate fedha ya kuanza filamu nyingine. Kwa njia hiyo msanii alikuwa huru dhidi ya dola na dhidi ya studio, lakini alifungwa na haja ya kupata fedha ya wiki ijayo. Micheaux aliyeuza hisa kwa wakulima angeielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Hilo pia ndilo jibu la swali ambalo msomaji wa Shinyanga au Geita ana haki ya kuliuliza, yaani kwa nini machimbo hayaonekani katika filamu zilizotazamwa sana machimboni. Majina ya kazi za Kanumba ni ya Kiingereza kwa wingi, mandhari yake ni sebule pana, hoteli na barabara za jiji, na hata inapotokea kazi yenye jina la Kiswahili na mazingira ya kijijini, kama Kijiji cha Tambua Haki, ni kijiji cha mfano kisichokuwa cha mkoa wowote. Kwa upande mmoja ni hesabu, kwa sababu kuwasafirisha waigizaji na mafundi hadi Kahama kungegharimu zaidi ya bajeti nzima ya filamu, na jina la Kiingereza lilidhaniwa kuuzika Nigeria, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa upande mwingine ni matakwa ya mtazamaji mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyeshinda ndani ya duara hakuhitaji kulipa ili aone duara jingine. Hata hivyo kuna hasara katika jambo hilo ambayo hesabu haiifuti. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao kabla ya mikoa ya Geita na Simiyu kuanzishwa mwaka 2012 ulienea kutoka Bukombe hadi Meatu, ulikuwa na visa vya kutosha kujaza maktaba nzima ya filamu, vikiwamo ushindani wa ngoma kati ya Bagalu na Bagika, utajiri unaokuja na kutoweka ndani ya mwezi mmoja, na mauaji ya wazee na ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Mchekeshaji wa televisheni alifanya zaidi, kwani kundi la Futuhi la Star TV, kituo cha Mwanza, lilileta Kiswahili cha Kanda ya Ziwa kwenye skrini bila kukionea haya.

Pengo hilo lilijazwa na wageni, nao walikuwa watengenezaji wa kujitegemea wa aina nyingine kabisa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotolewa mwaka 2004 kuhusu biashara ya sangara mjini Mwanza, ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar, lakini mwaka 2006 ililaumiwa hadharani na Rais Jakaya Kikwete kwa madai kwamba ilipotosha ukweli kuhusu nchi. White Shadow ya Noaz Deshe, kuhusu kijana mwenye ualbino anayewindwa, ilipata tuzo ya filamu bora ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2013. Kazi hizo zina uzito ambao Oprah haina, na kulikana hilo kungekuwa uzalendo wa bei rahisi. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya macho yaliyo mbali, zikigharimiwa na fedha za Ulaya, na mkazi wa Mgusu hakuwa sehemu ya hesabu ya mapato yake, ilhali kwa Kanumba mkazi huyo alikuwa mlipaji. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na nafasi ya tatu, ambayo Josiah Kibira, Mtanzania aliyeishi Minnesota, Marekani, aliijaribu kwa Bongoland ya mwaka 2003, akitengeneza kwa fedha zake na za marafiki filamu ya Kiswahili juu ya maisha ya mhamiaji, lakini nafasi hiyo ilibaki ya ughaibuni.

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji mwenzake kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mazishi yake ya tarehe 10 Aprili yalikusanya makumi ya maelfu ya watu katika viwanja vya Leaders Club, wakiwamo Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal na mke wa Rais, Salma Kikwete, kabla ya kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Msanii ambaye hakuwahi kupewa nafasi katika orodha za matamasha makubwa alipewa maziko yenye hadhi ya kitaifa, na waliomlilia hawakuwa wamemjua kupitia majumba ya sinema, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa yamekwisha kufungwa, bali kupitia mabanda, mabasi ya mikoani na televisheni za majirani.

Biashara aliyoiacha haikudumu katika umbo hilo. Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi kwenye kanda na diski ili kuzuia nakala za wizi, na mwishoni mwa mwaka huohuo Azam TV ilianza kurusha matangazo, ikawa mnunuzi mkubwa wa filamu za Kiswahili na kuhamisha uzito wa soko kutoka dukani hadi kwenye king'amuzi. Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kwa bei ndogo bila kulipiwa kodi wala haki, nyingi zikiwa na sauti za watafsiri, yaani warithi wa Lufufu. Mabanda ya Katoro na Kakola hayakufa, lakini mengi yaligeukia mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ambazo zina ratiba ya uhakika na hazihitaji sehemu ya pili. Filamu zenyewe za miaka ile zinaendelea kurushwa kwenye televisheni na intaneti hadi leo, na kwa kuwa nyingi ziliuzwa kwa mkupuo, kila zinaporushwa anayelipwa ni mwenye hati ya mauzo, wala si waliozicheza wala warithi wao.